Familia ya Martin Safarini: Kutoka Lisieux hadi Roma, Novemba 1887



Wapendwa waamini, katika siku hizi za likizo wengi wetu hufunga mizigo. Wapo waendao kijijini kuwasalimu wazee, wapo waendao Namugongo kuhiji, na wapo wachache wanaojaliwa kupanda ndege pamoja na watoto wao wakaenda kuyaona makanisa makuu na magofu ya Ulaya. Tumeona vema juma hili tuisimulie safari moja ya namna hiyo, iliyofanywa na baba mmoja mjane pamoja na binti zake wawili mwaka 1887. Binti mdogo tunamfahamu sote, kwa kuwa sanamu yake, akiwa amekumbatia msalaba na maua ya waridi, imo katika makanisa yetu mengi. Ni Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Wakati ule alikuwa msichana wa miaka 14, na katika behewa la treni hakuna aliyejua kwamba siku moja angewekwa altareni.

Mara nyingi safari hii husimuliwa kwa dakika moja tu, ile aliyopiga magoti mbele ya Papa Leo XIII. Dakika hiyo tutaifikia. Lakini safari ilidumu karibu mwezi mzima, na sisi tunadhani kwamba zile siku nyingine, ambazo watu huzipita harakaharaka, zilimjenga msichana huyu kuliko dakika ile iliyo maarufu.

Tuanze na nyumba waliyotoka. Baba, Louis Martin, alizaliwa mwaka 1823, akawa fundi saa katika mji wa Alençon, Ufaransa. Mama, Zélie, alikuwa na biashara ya kufuma lesi ambayo mji ule ulisifika kwayo. Walizaa watoto tisa. Wanne walifariki wangali wadogo, wakabaki wasichana watano. Mwezi Agosti 1877 Zélie alifariki kwa saratani, Teresia akiwa na miaka minne na nusu, na Louis akawahamishia watoto wake Lisieux, karibu na Isidore Guérin, kaka wa marehemu, aliyekuwa mfamasia mjini humo. Kisha nyumba ikaanza kupungua. Pauline aliingia monasteri ya Wakarmeli mwaka 1882, Marie akamfuata mwaka 1886, na Julai 1887 Léonie akaenda kwa watawa wa Visitasio huko Caen. Wakabaki Céline, mwenye miaka 18, na Teresia, kitindamimba, ambaye babaye alizoea kumwita malkia wake mdogo.

Sasa, jioni ya Pentekoste ya mwaka huo, tarehe 29 Mei, wakiwa bustanini, huyo kitindamimba akamwambia baba yake kwamba naye anataka kuingia Karmeli, na hataki kungoja. Tuielewe hali ya mzee. Alikuwa na miaka 63, na wiki nne tu zilikuwa zimepita tangu apatwe na shambulio la kiharusi. Watawa wawili alikwisha kuwatoa, wa tatu alikuwa njiani. Louis alilia, kisha akakubali. Akachuma ua dogo jeupe lililoota katika ukuta, likang'oka pamoja na mizizi yake, akampa binti yake.

Baba alikubali, lakini Kanisa halikukubali upesi. Mjomba alisita, kisha akalegea. Padre aliyekuwa msimamizi wa monasteri ile alikataa katakata na kusema asubiri hadi atimize miaka 21. Tarehe 31 Oktoba Louis alimpeleka kwa Askofu Hugonin huko Bayeux, na Teresia akazifunga nywele zake juu ya kichwa ili aonekane mtu mzima. Askofu alimsikiliza kwa upole, ila hakutoa ruhusa. Siku nne baadaye walikuwa kituoni Lisieux saa tisa za usiku, wakingoja treni ya Paris. Mlango mmoja tu ulikuwa haujabishwa hodi, nao ulikuwa Roma.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya safari yenyewe, maana haikuandaliwa kwa ajili ya Teresia. Papa Leo XIII alikuwa akikaribia kutimiza miaka 50 ya upadre, kwa kuwa alipewa daraja hilo tarehe 31 Desemba 1837, na Wakatoliki wa nchi nyingi walikwenda Roma kwa makundi kumpongeza. Kwa Wafaransa hija ile ilikuwa na maana nyingine pia. Tangu 1870, majeshi ya Italia yalipoiteka Roma, Papa alijifungia Vatikani na kujihesabu kuwa mfungwa. Basi kumwendea kulikuwa namna ya kusema mbele ya ulimwengu kwamba Wakatoliki hawajamwacha. Majimbo ya Coutances na Bayeux yakaungana chini ya uongozi wa Askofu Germain wa Coutances. Mahujaji walikuwa 197, na kati yao mapadre zaidi ya 70. Walikuwamo pia watu wa koo za kikabaila kwa wingi, maana safari haikuwa ya bei nafuu.

Kwa Louis njia ile haikuwa ngeni. Miaka miwili kabla, mwaka 1885, alisafiri na padre mmoja rafiki yake kupitia Ulaya ya kati hadi Constantinople, na kurudi kwa Athens, Napoli na Roma. Tena Uswisi aliijua tangu ujana. Mwaka 1845, akiwa kijana wa miaka 22, alipanda hadi monasteri ya Grand-Saint-Bernard katika milima ya Alpi kuomba kuwa mtawa, akakataliwa kwa kuwa hakujua Kilatini. Hivyo mtu huyu aliyekuwa akimsindikiza binti yake kwenda kubisha hodi aliwahi kubisha hodi yeye mwenyewe, akarudishwa. Wasimulizi wengi hulipita jambo hilo. Sisi tunaona kwamba bila hilo upole wake katika mwezi ule hauelezeki vizuri.

Kule Lisieux watu walisema mengine. Walidhani baba amebuni safari ndefu ya kustarehesha ili msichana auone ulimwengu na kuisahau habari ya utawa. Teresia mwenyewe aliandika baadaye kwamba safari kama hiyo ingeweza kweli kuutikisa wito ambao haujakomaa. Hakuwahi kuishi katika fahari kama ile ya hoteli walizolala. Watu wengi hudhani ni humo alimoiona lifti kwa mara ya kwanza, ile aliyoitumia miaka kumi baadaye kueleza jinsi Yesu amwinuavyo mtu mdogo asiyeweza kupanda ngazi za ukamilifu.

Huko Paris walikaa siku tatu, na Louis akawaonyesha mabinti zake maajabu ya jiji. Teresia aliyaona, akakiri kwamba ni mazuri, lakini kilichobaki moyoni mwake ni kanisa la Mama Yetu wa Ushindi, ambako alipata utulivu kuhusu jambo lililomsumbua kwa miaka minne, yaani kama kweli Bikira Maria alimtabasamia alipokuwa mgonjwa mwaka 1883. Kisha mahujaji wakakusanyika Montmartre, katika kripta ya basilika ya Moyo Mtakatifu iliyokuwa bado inajengwa, na tarehe 7 Novemba treni yao ikaondoka kuelekea mashariki.

Waandaaji walikuwa wamebuni jambo la kupendeza: kila chumba cha behewa kilipewa jina la mtakatifu. Chumba cha familia yetu kikaitwa Mtakatifu Martin, kwa heshima ya baba, na tangu hapo wasafiri wenzake wakamwita Louis "Bwana Mtakatifu Martin". Walimtania. Mwaka 2015, tarehe 18 Oktoba, Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na mkewe Zélie, na utani ule ukageuka kuwa kweli.

Uswisi ilimlevya Teresia kwa uzuri. Treni ilipita kando ya mabonde na maporomoko ya maji, juu ya madaraja marefu, kisha ikaingia katika handaki la Gotthard lenye urefu wa kilometa 15, lililofunguliwa mwaka 1882 baada ya miaka kumi ya kazi iliyogharimu maisha ya watu karibu 200. Msichana alikimbia kutoka dirisha la upande mmoja hadi la upande mwingine, akitamani kuwa na macho mengine mawili. Na hapo akawaza jambo ambalo halimjii mtalii wa kawaida. Aliwaza kwamba siku zijazo, atakapokuwa amefungiwa ndani ya kuta na kuona kipande kidogo tu cha mbingu, ataikumbuka milima hii, na hapo mambo yake madogo hayatamtisha. Alikuwa akiweka akiba. Watu husema utawa wa ndani ni kuukimbia ulimwengu usiokuwa umeuona. Huyu aliuona kwa macho yaliyofumbuliwa wazi, akauhifadhi, kisha akaenda zake.

Milano walipanda hadi juu kabisa ya kanisa kuu, jengo la marumaru nyeupe lililoanzwa mwaka 1386, wakiwa nyuma tu ya askofu ili wasipitwe na neno la maelezo. Katika makaburi makubwa ya mji huo walistaajabia sanamu hata mzee mmoja wa msafara, aliyekuwa na kawaida ya kunung'unika, akalalamika kwamba Wafaransa wana shauku iliyopita kiasi. (Kila msafara una mzee wa namna hiyo, waliowahi kwenda hija kwa basi wanatuelewa.) Venezia ilimhuzunisha Teresia kwa ukimya wake, na jumba la watawala wa zamani lenye magereza chini yake halikumchangamsha. Padova waliheshimu ulimi wa Mtakatifu Antoni, Bologna mwili wa Mtakatifu Katarina.

Loreto ni habari nyingine. Ndani ya basilika kubwa mna nyumba ndogo ya mawe, iliyozungushiwa marumaru kwa nje, ambayo mapokeo husema ni nyumba ya Familia Takatifu ya Nazareti, iliyofika pale mwaka 1294. Hapa hatuna haja ya kubishana juu ya namna ilivyofika. Tuangalie walichofanya mabinti hawa. Mahujaji wote walipelekwa kupokea Komunyo katika altare ya basilika, na Louis, mtu asiyependa kuleta usumbufu, akafuata wenzake. Céline na Teresia hawakuridhika. Wakamtafuta padre aliyekuwa na ruhusa maalumu ya kuadhimisha Misa ndani ya nyumba yenyewe, wakamwomba awaongezee hostia mbili ndogo, wakapokea humo. Wawili tu.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yao ya kutembelea mahali. Wageni wengi hutazama, husikiliza maelezo, hupita. Hawa wawili walitaka kugusa na kuingia. Roma walifika usiku wa tarehe 13 Novemba, wakaamshwa na wachukuzi wa mizigo waliokuwa wakiliita jina la mji. Kitu alichokitamani Teresia kuliko vyote ni Koloseo. Alipofika alikuta sakafu imechimbwa. Serikali mpya ya Italia iliruhusu uchimbuaji wa mambo ya kale, na mwaka 1874 vituo vya Njia ya Msalaba vilivyokuwapo pale viliondolewa. Palikuwa na kizuizi, na chini yake vifusi. Mwongozaji alieleza kutoka juu, akataja sehemu ya sakafu yenye alama ya msalaba. Teresia akamshika Céline mkono, wakaruka kizuizi na kuteremka juu ya mawe yaliyolegea huku baba akiwaita kwa mshangao. Wakaiona ile alama, wakapiga magoti, wakaubusu udongo, wakachukua vijiwe, wakarudi. Louis hakuwakemea. Alipowaona wanavyofurahi alijivunia ujasiri wao.

Wanahistoria wa leo watatuambia kwamba ushahidi wa Wakristo kuuawa ndani ya jengo lile lenyewe ni haba kuliko ilivyodhaniwa zamani, na tunakubali. Ila Teresia hakuwa anaomba cheti cha mahali. Aliomba neema ya kuwa shahidi, na damu ya mashahidi haikuwa hadithi ya kale katika mwaka ule. Tarehe 27 Januari ya mwaka huohuo, huko Mengo, Yohane Maria Muzeeyi alikatwa kichwa, wa mwisho kati ya mashahidi wetu 22 wa Uganda.

Katika katakombe za Mtakatifu Kalisto mabinti walijilaza pamoja ndani ya kaburi la kale la Mtakatifu Sesilia, wakachukua udongo kidogo. Katika kanisa la Mtakatifu Agnesi jiwe dogo jekundu lilibanduka kutoka katika mapambo ya kale, na Teresia akalichukua zawadi kwa Pauline, ambaye jina lake la kitawa lilikuwa Agnesi. Katika kanisa la Msalaba Mtakatifu aliingiza kidole chake chembamba ndani ya chombo cha masalia hadi akaugusa msumari unaoheshimiwa kuwa miongoni mwa ile iliyompigilia Bwana.

Wanawake walizuiwa mara kwa mara. Kila mahali waliambiwa wasiingie huku wala kule, wasije wakatengwa na Kanisa, na Teresia aliandika bila kuficha kwamba haoni sababu, kwa kuwa wanawake wampendao Mungu ni wengi kuliko wanaume, na katika Mateso ya Bwana wao ndio waliokuwa na ujasiri kuliko Mitume. Siku moja, katika monasteri ya Wakarmeli wa kiume, aliwaacha wenzake katika varanda za nje akapenya hadi za ndani. Mtawa mzee alimwona kwa mbali akampungia mkono aondoke. Badala ya kuondoka alimsogelea, akamwonyesha kwa ishara michoro ya ukutani kuwa ni mizuri. Mzee akatabasamu, akamwacha.

Tunalazimika sasa kutua kwenye jambo ambalo, kama mapadre, hatulisomi kwa raha. Kabla ya safari ile Teresia hakuelewa kwa nini Wakarmeli husali hasa kwa ajili ya mapadre. Kuwaombea wakosefu alielewa, lakini mapadre? Alidhani roho zao ni safi kuliko bilauri. Kisha akakaa na zaidi ya 70 kwa mwezi mzima: ndani ya treni, mezani, hotelini, katika foleni, walipochoka, walipokasirika, walipocheza. Hakuandika kashfa hata moja. Alisema kwamba alikutana na mapadre wengi watakatifu, na akagundua kwamba hata hao, kwa ukuu wote wa daraja lao, ni watu dhaifu wavunjikao upesi. Na akaongeza kwamba kwenda mpaka Italia hakukuwa mbali sana kwa ajili ya kupata elimu yenye manufaa namna hiyo. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1890, alipohojiwa kabla ya kuweka nadhiri, alijibu kwamba amekuja kuokoa roho na hasa kuwaombea mapadre. Ndugu zetu wengi wa altare hukitaja kipengele hicho kwa fahari, kana kwamba ni sifa yetu. Hatuna hakika kwamba ni sifa. Msichana wa miaka 14 alitutazama kwa siku chache tu, akaamua kwamba tunahitaji mtu wa kutoa maisha yake yote kwa ajili yetu. Na hakuchukia wala hakuliacha Kanisa, na hilo ndilo linalotugusa zaidi. Vijana wetu nao wanatutazama, na si kila mmoja hufikia uamuzi kama wake.

Kuhusu wakabaila, alielimika upesi zaidi. Baada ya siku chache za kusikia vyeo vyao mezani aliona kwamba ni moshi.

Jumapili tarehe 20 Novemba asubuhi Papa Leo, mzee wa miaka 77, aliadhimisha Misa mbele ya mahujaji, kisha akakaa kitini wakapita mmoja mmoja kubusu mguu na mkono wake. Wanawake walivaa nguo nyeusi na shela. Padre Révérony, Makamu wa Askofu wa Bayeux, aliyesimama karibu na kiti, akatangaza kwamba ni marufuku kusema na Baba Mtakatifu. Teresia akageuka kumtazama Céline, naye akamwambia aseme. Akapiga magoti, akaomba aruhusiwe kuingia Karmeli akiwa na miaka 15. Révérony, aliyechukizwa, akaeleza kwamba wakubwa wanalichunguza jambo hilo. Papa akamwambia afanye kama watakavyosema wakubwa wake. Msichana akaweka mikono juu ya magoti ya Papa, akasihi tena kwamba Baba Mtakatifu akisema ndiyo, wote watakubali. Papa akamkazia macho, akajibu kwamba ataingia ikiwa Mungu apenda. Alitaka kuendelea kusema. Walinzi wawili na Padre Révérony wakamwinua kwa mikono, wakamtoa mpaka mlangoni akilia.

Louis hakuyaona hayo, kwa kuwa wanaume walipita nyuma ya wanawake. Kwake Révérony alikuwa mkarimu: alimtambulisha kuwa baba wa Wakarmeli wawili, na Papa akaweka mkono juu ya kichwa chake. Hivyo siku ileile, chumba kilekile, baba alitoka na baraka na binti alitoka na machozi, na baba akawa na kazi ya kumfariji. Siku chache baadaye alikutana na Révérony nyumbani kwa mtawa mmoja waliyefahamiana naye, akamlaumu kwa utani wa upole kwamba hakumsaidia binti yake. Kuna watu ambao wangepiga kelele. Sisi tunaamini utani ule ulifanya kazi kuliko kelele, maana tangu hapo Makamu wa Askofu alianza kumtazama msichana kwa jicho lingine.

Safari iliendelea, jambo ambalo wasimulizi husahau. Kesho yake walikuwa Napoli na Pompei, na Vesuvio ulitoa moshi mzito siku nzima. Teresia alitamani kutembea peke yake katika magofu ya mji ule uliofukiwa mwaka 79, awaze juu ya mambo yapitayo. Umati wa wasafiri ukamharibia. Huko Assisi alipoteza bizimu ya mkanda wake katika monasteri moja, na alipomaliza kuitafuta magari ya farasi yote yalikuwa yameondoka, isipokuwa moja tu, la Padre Révérony. Akapanda humo, kati ya wakubwa wa msafara, kama mwanafunzi aliyewekwa ofisini kwa mkuu wa shule. Révérony alizungumza naye kwa wema juu ya Karmeli, na walipofika kituoni akamlipia yeye nauli. Kabla ya safari kwisha alimwahidi kufanya awezalo.

Wakarudi kwa Firenze, Pisa na Genova, kisha pwani ya Ufaransa, Marseille, Lyon, Paris. Tarehe 2 Desemba walikuwa nyumbani. Na hapo katika njia ya kurudi Louis, ambaye hakuwa amechoka kuwaonyesha watoto wake ulimwengu, alimpendekezea Teresia safari nyingine, ya Yerusalemu. Alikataa. Alivutiwa sana na nchi aliyoikanyaga Bwana, lakini alikuwa amechoka kuhiji duniani.

Ruhusa ya Askofu ilimfikia siku ya Mwaka Mpya 1888. Watawa wenyewe wakaichelewesha hadi baada ya Kwaresima, na tarehe 9 Aprili, akiwa na miaka 15 na miezi mitatu, Louis alimsindikiza hadi mlangoni pa monasteri, akapiga magoti naye ili ambariki. Mzee hakusafiri tena mbali. Akili yake iliguswa na maradhi. Mwezi Februari 1889 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen, akakaa humo zaidi ya miaka mitatu, na alifariki tarehe 29 Julai 1894. Céline, aliyemtunza hadi mwisho, aliingia Karmeli mwezi Septemba mwaka huo.

Jioni moja ya majira ya baridi yaliyofuata, wakati wa mapumziko, Teresia aliwasimulia dada zake wakubwa mambo ya utotoni. Marie akamwambia Pauline, aliyekuwa Mama Mkuu wakati huo, kwamba hayo yasiachwe yapotee, na Pauline akamwamuru mdogo wake ayaandike. Aliandika mwaka 1895, katika dakika za jioni alizobakiwa nazo, kwenye daftari la kawaida, na safari ya Italia ikachukua kurasa nyingi: milima, handaki, marumaru, mawe ya Koloseo, mzee mnung'unikaji, Mtawa mwenye tabasamu. Jioni ya tarehe 20 Januari 1896, mkesha wa Mtakatifu Agnesi, akiwa njiani kwenda mahali pake kanisani, alipiga goti mbele ya dada yake akamkabidhi daftari. Mama Agnesi alilipokea kwa kuinamisha kichwa, akaliweka kando ya kiti chake bila kulifungua, akaendelea kusali. Hakulisoma hadi baada ya uchaguzi wa Machi.